Kidonge Nisichokihisi

Siku niliyoacha dawa yangu ya moyo nilikuwa najisikia vizuri kuliko siku zote, na hiyo ndiyo sababu niliiacha. Nilikuwa nimeitumia miezi mitano. Kifua hakibani tena, usingizi mtamu, na asubuhi ile mashine ya presha ilikuwa imesoma 124/78. Nilikitoa kidonge kwenye pakiti, nikakishika kiganjani, nikajiambia kwamba mwili umeshapona, ya nini kuendelea kuubebesha dawa. Nikakitia kwenye droo. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Siku ya kwanza haikutokea kitu. Ya pili vilevile, tena nikajipongeza, maana mikono yangu iliyokuwa ya baridi tangu nianze dawa ilianza kupata joto. Siku ya tatu, jioni, niliinama kufunga kamba za viatu. Nilipoinuka moyo ulikuwa unapiga hadi shingoni. Nikakaa kitandani nikidhani utatulia. Haukutulia. Kifua kikaanza kubana kama mtu amenifunga mkanda na anaukaza tundu kwa tundu, na safari hii sikuwa nimepanda ngazi wala kubeba kitu. Nilikuwa nimekaa tu. Mke wangu akanifunga mashine mkononi: 182/110, mapigo 118. Akasoma, akanitazama, akauliza, "Dawa umekunywa?" Nikanyamaza. Kunyamaza kule kulimtosha. Tayari alikuwa ameshika simu anaita gari la wagonjwa.

Hospitali walinipima umeme wa moyo, wakachukua damu, na baada ya saa chache wakachukua tena. Nilidhani wamepoteza ile ya kwanza. Kumbe msuli wa moyo ukiumia huvujisha protini inayoitwa troponini, na protini hiyo huchukua muda kuongezeka kwenye damu. Kipimo kimoja cha mapema kinaweza kutoka safi huku moyo umeshapata jeraha. Vyangu vilitoka safi vyote viwili. Haikuwa shambulio la moyo. Daktari wa zamu, binti wa umri wa mwanangu mkubwa, alivuta kiti akakaa karibu na kitanda badala ya kusimama, na mpaka leo namshukuru kwa kile kiti.

"Mzee wangu," alisema, "zipo dawa ukiziacha leo ugonjwa unarudi taratibu. Hii ukiikata ghafla, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu kuliko ulipouacha."

Nirudi nyuma kidogo ili maneno yake yaeleweke. Nilianzishiwa dawa nikiwa na miaka 52. Sikwenda hospitali kwa ajili ya presha. Sikujua hata kama ninayo. Nilikwenda kwa sababu kila nikipanda ngazi kifua kilibana, nikisimama kinaachia. Nesi alipima mkono wa kulia na wa kushoto, akaandika 168/104, mapigo 98. Baada ya vipimo vingine nikaambiwa mishipa inayolisha moyo wenyewe imeanza kuwa myembamba, na presha inaufanyisha moyo kazi kubwa kuliko oksijeni unayoipata. Nikaandikiwa metoprololi ya miligramu 50, ile inayoachia dawa polepole, kidonge kimoja kwa siku, pamoja na aspirini ya dozi ndogo na dawa ya lehemu.

Metoprololi iko kwenye kundi linaloitwa vizuia-beta. Ndugu zake ni atenololi, bisoprololi, kavediloli na propranololi, na mwenye kuangalia atagundua kwamba majina yote yana mkia unaofanana. Kwa mtu mwenye presha peke yake, bila shida ya moyo, madaktari wengi siku hizi huanza na dawa za makundi mengine. Mimi nilipewa hii kwa sababu ya kifua. Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuona watu wawili wenye "presha" wakilinganisha vidonge vyao na kushangaa kwa nini havifanani, mmoja akaanza kumdhania vibaya daktari wake.

Daktari yule wa zamu alinieleza hivi, na mimi naeleza kwa maneno yangu. Mwili ukipata hofu, hasira au kazi nzito hutoa adrenalini. Adrenalini ni kama sauti inayouambia moyo: kimbia, piga kwa nguvu. Moyo una masikio ya kuisikia sauti hiyo, wataalamu wanayaita vipokezi vya beta. Dawa yangu huyaziba masikio hayo. Sauti ipo, lakini moyo hauisikii sana, kwa hiyo hupiga polepole, kwa nguvu ndogo, na hauhitaji oksijeni nyingi. Mwanasayansi Mskoti, James Black, ndiye aliyefuata wazo hilo hadi mwisho: badala ya kuhangaika kuuongezea moyo oksijeni, aupunguzie mahitaji. Kazi yake ndiyo iliyoleta propranololi katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Sasa, moyo ulioziba masikio kwa miezi mitano haukai bure. Huongeza masikio mengine, ukijaribu kuisikia sauti iliyopotea. Wakati dawa ipo, hayo nayo yanazibwa na wewe hujui lolote. Ukiiondoa dawa kwa ghafla, masikio yote, ya zamani na mapya, yanafunguka pamoja, na sauti ya kawaida ya adrenalini, hata ile ya kuinama kufunga viatu, inasikika kama kelele. Mapigo yanapanda, presha inapanda, na kwa mtu ambaye mishipa ya moyo imeshakuwa myembamba kifua kinaweza kubana vibaya au moyo ukapata shambulio kabisa. Marekani, karatasi rasmi ya dawa hii kwa miaka mingi ilibeba onyo la jambo hilo ndani ya fremu, juu kabisa, mahali yanapowekwa maonyo mazito kuliko yote. Karatasi kama hiyo ilikuwa kwenye boksi langu miezi mitano yote. Sikuwahi kuikunjua.

Na si kwamba dawa hii haiachwi kamwe. Huachwa, lakini kwa kushuka ngazi: daktari anapunguza dozi kidogo kidogo, kwa kawaida kwa wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, na wakati huo unaambiwa usijichoshe. Mwenye kuamua kushuka ni yeye aliyekupandisha, akiwa na vipimo vyako mbele yake.

Nililala wodini usiku mmoja. Usiku ule nilifikiri sana kuhusu lile neno "najisikia vizuri". Nilikuwa nimelitumia kama kipimo, nalo halikupima chochote. Presha ya 168 sikuihisi. Dawa ilipoishusha sikuhisi ikishuka. Nilichokihisi ni mikono ya baridi na uchovu wa mchana, yaani ubaya wa dawa tu, na faida yake ikanyamaza kimya. Mtu akihesabu kwa hisia, kidonge cha namna hii kitaonekana hasara kila siku. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta vitu vya kuniongoza vilivyo nje ya hisia zangu.

Cha kwanza ni mapigo. Kila asubuhi kabla ya kumeza, nakaa, naweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, pale kwenye kijishimo karibu na mshipa mgumu. Kidole gumba hakitumiki kupimia kwa sababu kina mapigo yake chenyewe na kitakuchanganya. Nahesabu sekunde 30, nazidisha kwa mbili. Daktari wangu wa kliniki alinipa namba: mapigo yakiwa chini ya 50, au yakiruka ruka kwa namna nisiyoizoea, nisimeze kwanza, nipige simu. Hiyo ni namba yangu mimi. Wako wanaopewa nyingine, kwa hiyo anayetumia dawa hii aulize yake na aiandike.

Cha pili ni presha, na hapa nakiri kwamba kwa muda mrefu nilikuwa napima ovyo. Nilikuwa nafika nyumbani, navua koti tu, naikaza mashine juu ya shati, naongea na watu huku inapuliza. Namba zilikuwa zinapanda na kushuka kama bei ya sokoni, na kila namba ilinipa hofu au furaha isiyo na msingi. Nesi wa kliniki ndiye aliyenifundisha, tena kwa vitendo. Alininyima ruhusa ya kuongea. Alinikalisha kwenye kiti chenye mgongo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijakunjwa mmoja juu ya mwingine. Akaniacha hivyo dakika tano nzima. Mkono ukawa wazi, umelazwa mezani, ili mkanda wa mashine uwe usawa wa moyo. Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza kama nataka kwenda msalani, maana kibofu kilichojaa kinapandisha presha, na kama nimekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita. Akapima, akasubiri dakika moja, akapima tena. Ya pili ilikuwa chini kuliko ya kwanza kwa pointi tisa. "Unaona," alisema, "mzee aliyekaa na mzee aliyekuja mbio ni wagonjwa wawili tofauti."

Alinipima pia mzunguko wa mkono kwa futi ya kitambaa, na ikaonekana mkanda wa mashine yangu ya nyumbani ni mdogo kwangu. Mkanda mdogo husoma presha juu kuliko ilivyo. Nilikuwa nimeishi na mashine ile mwaka mzima.

Namba za nyumbani nazo zina mpaka wake. Kliniki wanaangalia 140/90, nyumbani mpaka unaotumika sana ni 135/85, kwa sababu watu wengi presha hupanda kidogo wakimwona daktari. Nilipewa daftari: asubuhi mara mbili, jioni mara mbili, kwa siku saba kabla ya kila miadi, na namba moja mbaya isinitie wazimu. Kwa tabia yangu hilo la mwisho lilikuwa gumu. Ninajua watu wanaopima mara kumi kwa siku, kila kipimo kinawatisha, na hofu inapandisha kipimo kinachofuata. Naomba mwenye tabia hiyo amwambie daktari wake waziwazi, apangiwe siku za kupima.

Nilidhani somo la kuacha dawa ndilo litakuwa la mwisho. Haikuwa hivyo, na kosa lililofuata lilitokana na hofu ya lile la kwanza: sasa nilikuwa naogopa kukosa dozi hata moja.

Nilibadilisha duka la dawa, na lile jipya likanipa boksi la rangi nyingine lenye jina kubwa nisilolijua. Mfamasia alikuwa na foleni ndefu, mimi sikuuliza. Nyumbani nilikuwa bado na pakiti za zamani zilizobaki. Nikadhani daktari ameniongezea dawa mpya, nikawa nameza zote mbili, moja ya boksi jekundu na moja ya boksi la bluu, siku sita mfululizo. Nilianza kuwa mzito. Nikisimama kutoka kwenye kiti ukumbi unazunguka. Usiku mmoja niliamka kwenda msalani nikajikuta nimekaa sakafuni mlangoni, sijui nimefikaje pale.

Asubuhi binti yangu alikuja kunitazama. "Baba, hebu nione unachokunywa." Akayaweka maboksi mawili kando kwa kando mezani, akaanza kusoma, si yale maandishi makubwa, bali yale madogo yaliyo chini yake. Akanyamaza kidogo. Kisha akaweka kidole kwenye boksi moja, halafu kwenye la pili. Chini ya majina mawili tofauti palikuwa na neno lilelile: metoprololi. Boksi moja la miligramu 50, lingine la 50. Nilikuwa nimejipa dozi maradufu kwa siku sita nzima. Nikahesabu mapigo yangu palepale: 43.

Tulipiga simu kliniki, wakasema tuje wakati uleule na nisiendeshe gari. Walinipima umeme wa moyo, wakaniweka chini ya uangalizi hadi mapigo yalipopanda, wakanirudisha kwenye kidonge kimoja. Kitu ambacho sikujua: dawa moja inaweza kutengenezwa na viwanda vingi, kila kimoja kikaipa jina lake la kibiashara. Jina kubwa kwenye boksi ni la mwenye kiwanda. Jina la dawa yenyewe ndilo lile dogo. Tangu siku hiyo ninajua dawa zangu kwa jina dogo, na nikipokea boksi geni siondoki dirishani kabla sijauliza, "Hii inachukua nafasi ya ipi?" Swali hilo linachukua sekunde tano, na mwenye foleni nyuma yangu atanisamehe.

Mfamasia niliyemzoea baadaye aliniongezea jambo kuhusu namna ya kukimeza. Kwa kuwa kidonge changu kinaachia dawa polepole kwa saa nyingi, kukiponda au kukitafuna ni kumwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Changu kina mstari katikati, kwa hiyo nikiambiwa nusu naweza kukikata pale kwenye mstari, lakini kisipondwe. Si kila kidonge kinakatika, huulizwa. Na nikisahau, nikikumbuka mapema nakimeza. Nikikumbuka karibu na wakati wa kinachofuata, naachana na kile kilichopita, naendelea na ratiba. Viwili kwa pamoja kufidia, kamwe. Sasa natumia kikasha cha vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki, na swali la "nimemeza au sijameza?" halinisumbui tena, chumba kitupu kinajibu. Nikisafiri, dawa inakaa kwenye begi la mkononi, ikiwa na siku kadhaa za ziada, kwa sababu begi kubwa linaweza kupotea na safari inaweza kurefuka.

Kuna habari ya mdogo wangu ambayo lazima niiseme. Alikuja kunitembelea, akapima presha kwenye mashine yangu, ikasoma 158/96. Akasema, "Kaka, nigawie viwili vitatu vya kwako nianze navyo, hospitali nitakwenda wiki ijayo." Mkono wangu ulishafika kwenye droo. Nampenda mdogo wangu, na kugawana ndivyo tulivyolelewa. Kilichonizuia ni kwamba safari hii nilikuwa nimeisoma ile karatasi, na mdogo wangu ana pumu tangu utotoni. Njia za hewa nazo zina vipokezi vya beta, na vikizibwa zinaweza kubana. Zipo dawa za kundi hili zinazolenga zaidi moyo, metoprololi ikiwemo, na zipo kama propranololi ambazo hazichagui. Lakini hata zile zinazochagua si za mtu mwenye pumu kujianzishia nyumbani. Wapo wenye ugonjwa wa mapafu wanaopewa dawa hizi na madaktari kwa tahadhari. Hilo si la kuamuliwa na kaka mtu mbele ya droo. Nilimkatalia, akaudhika, nikampeleka mwenyewe kesho yake asubuhi. Alipewa dawa ya kundi jingine kabisa.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, kuna mtego mwingine. Sukari ikishuka, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka ndizo kengele zinazomwamsha mtu. Dawa hii inaweza kuzinyamazisha kengele hizo. Jasho linabaki. Jirani yangu mwenye hali zote mbili alifundishwa kulisikiliza jasho, na kupima sukari kila anapohisi tofauti badala ya kungoja moyo umwambie.

Dawa za kununua bila cheti ndizo zilizonikamata mara ya tatu, ingawa kwa upole. Goti liliniuma, nikawa natumia ibuprofeni kwa siku kumi na kitu. Daftari langu likaanza kuonyesha 148, 151, 149. Sikuwa nimebadilisha kitu kingine. Daktari alipotazama ule mfululizo aliuliza swali moja tu, kama kuna kidonge cha maumivu. Ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake huufanya mwili ushike chumvi na maji, na hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini nazo hubana mishipa na kupandisha presha. Upande wa pili kuna dawa kama verapamili na diltiazemu, ambazo nazo hupunguza kasi ya moyo. Zikikutana na kizuia-beta bila mtu wa kuangalia, moyo unaweza kwenda polepole kupita kiasi. Mimi siyashiki yote haya kichwani na sijaribu. Ninachofanya ni kuonyesha kadi yangu.

Kadi yenyewe ni kipande cha karatasi ngumu ndani ya pochi. Imeandikwa jina dogo la kila dawa, miligramu ngapi, saa ngapi, kwa sababu gani, na mwaka nilioanza. Chini kuna namba ya simu ya mke wangu na maneno yaliyoandikwa kwa wino mwekundu: ISIKATIZWE GHAFLA. Naionyesha dukani, naionyesha kwa daktari wa meno, naionyesha hata pale ninapodhani haihusiki.

Na kuna jambo ambalo wanaume wenzangu hatulisemi. Dawa hii inaweza kuleta uchovu, mikono na miguu ya baridi, ndoto za ajabu, na kwa baadhi yetu inaathiri chumbani. Mimi nilikuwa na uchovu na ndoto. Hilo la mwisho pia lilinifika, na nililificha. Sasa naona kwamba ule uamuzi wa kukitia kidonge kwenye droo haukuwa wa kupona tu. Nilikuwa natafuta sababu ya kuacha, na kupona ilikuwa sababu isiyo na aibu. Nilipomweleza daktari wa kliniki, baada ya miezi mingi, hakushangaa wala hakucheka. Alisema mara nyingi tatizo lenyewe lina mizizi mingi, presha na mishipa ikiwemo, si dawa peke yake. Akahamisha saa ya kumeza kutoka jioni kuja asubuhi, baada ya kula, na ndoto zikapungua. Akaahidi tukikwama kuna dawa nyingine za kujaribu, kwa kushuka ngazi kama inavyotakiwa. Akaniandikia jina la zile zinazosaidia nguvu za kiume ambazo nisizinunue bila yeye kujua, kwa sababu zikikutana na dawa za naitreti za kifua zinaweza kuangusha presha hadi mtu azimie au afe. Mazungumzo yote yalichukua dakika kumi. Kwa kuyakwepa nilikuwa nimekaribia kulipa kwa moyo wangu.

Mwaka jana nilipangiwa upasuaji wa ngiri. Nilipewa karatasi ya maelekezo iliyosema nisile wala kunywa chochote kuanzia usiku wa manane. Niliisoma mara mbili. Chochote ni chochote, na kidonge changu ni cha asubuhi. Zamani ningetii karatasi nikakaa kimya, au ningemeza kwa siri. Nilipiga simu, nikaomba kuongea na daktari wa usingizi, nikamsomea kadi yangu neno kwa neno.

"Umefanya vizuri kupiga," alisema. "Hiyo ya moyo utaimeza asubuhi kama kawaida, kwa funda dogo la maji. Aspirini tutazungumza."

Asubuhi ya siku hiyo nilikaa pembeni ya kitanda nyumbani kukiwa bado giza. Vidole viwili kwenye kifundo, saa mbele yangu, 31 kwa nusu dakika. Mke wangu alinipa kikombe chenye maji kidogo kiasi cha kulowesha ulimi. Nikameza. Saa mbili baadaye, kwenye chumba cha maandalizi, muuguzi alinibandika nyaya kifuani na kioo juu yangu kikaanza kuandika mstari wa kijani: 62, 61, 62. Akauliza kama nimemeza dawa zangu leo, nikamwonyesha kadi, akaisoma mpaka kwenye wino mwekundu, akaibana juu ya faili langu kwa kibanio ili iingie na mimi ndani.